Vitabu vya kidijitali katika shule za serikali Mtwara na Lindi: mtandaoni, kishikwambi, runinga au seva ya shule?

Mwanzoni mwa Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipiga ukanda wa pwani, na mafuriko yakaikata barabara ya Dar es Salaam–Lindi maeneo ya Somanga, Kilwa. Lori la vitabu vya Masasi au Newala siku zile lingesubiri, au lizungukie Songea na Tunduru. Tarehe 12 mwezi huohuo nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zikapata hitilafu na intaneti ikawa ya kubahatisha nchi nzima. Njia ya kitabu cha karatasi na njia ya kitabu cha mtandaoni zikaziba ndani ya mwezi mmoja.

Wauzaji wa vifaa huanza na bei na ukubwa wa kioo. Sisi tunaanza na swali lingine: kikigoma, darasa linabaki na nini mkononi? Kwa shule ya Nanyumbu au Liwale swali hilo lina uzito kuliko bei, maana fundi yuko mbali na kifaa kilichokufa Februari kinaweza kurudi Julai.

Faili kwanza, kifaa baadaye

Vitabu vya kiada vya shule za serikali huandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania (TET), nayo ina maktaba mtandao yenye nakala tepe, yaani faili za kidijitali, za vitabu hivyo. Huko ndiko pa kuanzia, siyo kwenye kundi la WhatsApp la walimu wa wilaya. Faili za makundini mara nyingi ni picha za simu: kurasa zimepinda, ukurasa wa 47 haupo, na jina la faili ni tarakimu tupu.

Kabla ya kunakili faili yoyote, ifanyieni majaribio mawili. La kwanza, fungueni ukurasa wa haki za mchapishaji, mwaka wa toleo mkaulinganishe na kitabu cha karatasi kilichopo shuleni. Mtaala ulioboreshwa ulianza Januari 2024 kwa madarasa machache, ikiwemo Darasa la I na Darasa la III, kisha ukaendelea kupanda darasa hadi darasa. Kwa sababu hiyo faili za mtaala wa zamani zimejaa kila mahali, na jalada peke yake halitawaambia. La pili, tafuteni neno ndani ya faili, neno lolote mnaloliona kwa macho. Lisipopatikana, hiyo ni picha iliyoskaniwa. Faili ya namna hiyo huwa kubwa mara kadhaa kuliko ya asili, na programu za kusoma kwa sauti haziwezi kumsaidia mwanafunzi asiyeona. Mwenye uoni hafifu anaweza kuikuza, lakini herufi zinakuwa na ukungu.

Majina ya faili yawe na darasa, somo, aina na mwaka wa toleo: D3-Hisabati-Mwanafunzi, kisha mwaka. Kitabu cha mwanafunzi na kiongozi cha mwalimu vikae kwenye mafolda tofauti, la sivyo siku moja majibu yatatokea kwenye skrini mbele ya darasa zima.

Kuhusu haki: kitabu kuwa bure kusomwa hakumaanishi kila mtu ana ruhusa ya kukinakili na kukisambaza. Mnapotaka kuweka nakala kwenye seva ya shule, andikieni TET barua kupitia ofisi ya elimu ya halmashauri, jibu mlitunze kwenye faili. Kuchapa nakala na kuziuza stesheneri ya jirani ni jambo lingine kabisa, msiliguse.

Kitabu cha karatasi

Hiki tunakiweka kwenye ulinganisho kwa sababu ndicho kinachosahaulika. Hakihitaji chaji, hakina nenosiri, na mtoto anakwenda nacho nyumbani. Kikichanika jalada bado kinasomeka. Kwa Darasa la I na la II, mtoto anapojifunza kufuata mstari kwa kidole, hatujaona kifaa cha kukishinda.

Udhaifu wake mnaujua: hakitoshi, na kikipungua katikati ya mwaka hakiongezeki. Maadui zake ni mchwa, panya na unyevu wa masika. Rafu ziache nafasi ya kiganja kutoka ukutani, miguu yake isimame juu ya mabati au matofali. Hayo yakifanyika, kitabu kinachozungushwa vizuri kinadumu miaka mitatu hadi minne.

Kusoma mtandaoni moja kwa moja

Ni rahisi kuanza na ni ghali kuendelea. Hesabu yake iko hivi. Tuchukue kitabu chenye picha nyingi, faili ya MB 40. Wanafunzi 40 wakikifungua kwa pamoja ni MB 1,600, yaani GB 1.6 kwa kufungua kitabu kimoja mara moja tu. Mtandao wa simu ukitoa megabiti 5 kwa sekunde, na nje kidogo ya mji kasi hiyo ni ya kushukuru, kazi hiyo inachukua dakika 43 hivi. Kipindi ni dakika 40.

Hata mkiwa na bando la kutosha, darasa halitasoma. Njia hii inafaa kwa kazi moja: mwalimu wa taaluma akiwa mjini Mtwara, Masasi au Nachingwea apakue kinachoruhusiwa, alinganishe matoleo, arudi na flashi. Vitabu vya shule nzima ya msingi, tukikadiria 45 kwa MB 40 kila kimoja, ni GB 1.8 tu. Flashi ya GB 8 inavibeba pamoja na viongozi vya mwalimu, na nafasi inabaki.

Simu za wazazi tusizitegemee. Shuleni mwanafunzi haruhusiwi kuwa na simu, na nyumbani nyingi simu iliyopo ni kitochi au ni simu janja ya baba anayeondoka nayo alfajiri.

Kishikwambi chenye faili ndani

Baada ya Sensa ya 2022, vishikwambi vilivyotumika kwenye sensa viligawiwa kwa walimu. Shule nyingi, basi, tayari zina kifaa na kinachokosekana ni faili. Kishikwambi cha mwalimu kilichopakiwa vitabu vya masomo yake ndiyo hatua ya bei nafuu kuliko zote katika ulinganisho huu, kwa kuwa haihitaji kununua chochote zaidi ya memori kadi. Mwalimu anaandaa somo nyumbani, na darasani ana kitabu hata kama nakala ya karatasi amewaachia wanafunzi.

Kununua vishikwambi vya wanafunzi ni habari nyingine. Vishikwambi 20 kwa darasa la wanafunzi 60 ni watoto watatu kwa kioo kimoja cha inchi 8 au 10. Watatu ndio mwisho. Wanne wakikizunguka, mmoja anaangalia pembeni ya kioo na mwingine anacheza.

Vinavyoharibika, kwa mpangilio tunaoukuta: tundu la chaji, kioo, kisha betri. Tundu linalegea kwa sababu watoto wanakitumia kishikwambi kikiwa kwenye chaji. Wekeni amri moja isiyo na mjadala: kinachochajiwa hakitumiki. Betri inayoanza kuvimba hujionyesha kwa kioo kunyanyuka pembeni. Hapo msikichaji, msikibinye, kitoeni kabatini kiwekwe mahali pakavu mbali na karatasi hadi kikabidhiwe kwa mtaalamu. Na kabla ya likizo ya Juni na ya Desemba, viacheni na chaji nusu, vizimwe kabisa. Betri ya lithiamu iliyolala ikiwa tupu mwezi mzima inaweza isiamke; iliyolala ikiwa imejaa kwenye joto la Lindi inachakaa haraka.

Kuchaji vishikwambi 20 kwa pamoja, kila kimoja wati 10, ni wati 200 kwa saa tatu hivi. Ekstensheni moja nzuri inatosha. Kuchomeka ekstensheni juu ya ekstensheni ndiko kunakoyeyusha soketi.

Runinga na projekta

Watu wengi huwaza projekta kwanza. Kwa madarasa yetu yenye madirisha makubwa na jua la saa nne asubuhi, projekta ya chini ya lumeni 3,000 (lumeni ni kipimo cha mwangaza) inaonyesha kivuli cha kitabu. Mkifunga mapazia meusi mwezi Februari, wanafunzi 70 wanapikika humo ndani. Projekta nyingi pia zina taa inayokufa, na feni inayomeza vumbi. Umeme ukikatika ghafla feni inasimama taa ikiwa bado ya moto, na mara chache za namna hiyo zinatosha kuipunguzia umri.

Runinga inaonekana mchana, inatumia umeme kidogo na haina taa ya kubadilisha. Tatizo lake ni ukubwa wa herufi, na hapa inafaa kupima kabla ya kulipa. Kanuni tunayoitumia: herufi kubwa iwe na kimo cha sentimita 1 kwa kila mita 3 za umbali. Herufi kubwa ya maandishi ya pointi 12 ina kimo cha milimita 3 kwenye karatasi. Runinga ya inchi 43 ina upana wa sentimita 95, na ukurasa wa A4 ukitanuliwa ujaze upana huo unakua mara nne na nusu, kwa hiyo herufi inakuwa milimita 13.5. Hiyo inasomeka vizuri hadi mita 4. Dawati la nyuma liko mita 8.

Projekta inayotoa picha ya upana wa mita 2 inakuza mara tisa na nusu. Herufi inafika milimita 28, na nyuma wanasoma. Lakini mkionyesha ukurasa mzima kwa wima, kwenye picha yenye kimo cha mita 1.5, ukuzaji unashuka hadi mara tano na faida yote inapotea. Mwalimu ajifunze kutanua ukurasa kwa upana na kushusha nusu kwa nusu.

Kwa Darasa la I hadi la III, ambako vitabu vina herufi kubwa zaidi, runinga ya inchi 43 inatosha. Kwa sekondari tafuteni inchi 55 au zaidi, au mkate kipande cha ukurasa mkikuze: mchoro wa moyo peke yake, jedwali peke yake. Mchoro uliokuzwa namna hiyo ndio unaoipa runinga uhalali wake. Aya ndefu isomwe kitabuni.

Jambo dogo linaloudhi: runinga nyingi hazifungui PDF kutoka kwenye flashi. Zinafungua picha. Badilisheni kurasa za somo ziwe JPG zenye upana wa pikseli 1,920, mzipe majina 001, 002, 003 zisije kujipanga ovyo, na mwalimu atasogeza kwa rimoti. Au chomekeni kompyuta mpakato kwa waya wa HDMI. Waya huo nunueni miwili.

Seva ya shule isiyohitaji intaneti

Hii ni kompyuta ndogo inayohifadhi vitabu na kuvirusha kwa Wi-Fi ya hapohapo shuleni. Wanafunzi wanafungua kivinjari na kuandika anwani, kama vile wako mtandaoni. Vifaa vyake ni Raspberry Pi 4 (kompyuta ya ukubwa wa kiganja) au kompyuta mpakato ya zamani, ruta moja ya kusambaza Wi-Fi na chanzo cha umeme. Programu ya bure inayotumika sana ni Kolibri, ya shirika la Learning Equality. Inapokea PDF, video na mazoezi, na ikishapakiwa haihitaji intaneti. Vitabu vyenu wenyewe mnavipanga mara moja kupitia Kolibri Studio mkiwa na intaneti, kisha mnavihamisha kwa flashi. Kama lengo ni vitabu vya kiada tu, bila mazoezi wala video, tunadhani Kolibri ni shoka la kuchinjia kuku. Ukurasa mmoja wa tovuti wenye orodha ya faili unatosha, na mwalimu wa TEHAMA anauandaa kwa siku moja.

Kati ya Raspberry Pi na kompyuta mpakato ya zamani, kwa huku kwetu tungechagua mpakato, mradi betri yake ishike hata saa moja. Sababu ni ukatikaji wa umeme. Raspberry Pi ikizimika ghafla wakati memori kadi yake inaandikwa, mfumo unaweza kuharibika na asubuhi isiwake. Mpakato ina betri ndani, haijui kama umeme umekwenda. Mkiwa tayari na Raspberry Pi, iwekeni nyuma ya betri ndogo inayochaji huku ikitoa umeme, na mtengeneze nakala ya kadi nzima ikae kwenye bahasha ofisini kwa mkuu. Kadi ikifa, mnabadilisha kwa dakika tano.

Msitegemee Wi-Fi ya ndani ya vifaa hivi. Hotspoti ya Windows inapokea vifaa 8 tu, na Raspberry Pi ikizidi kumi na kitu inaanza kusuasua. Ruta ya kawaida iliyowekwa juu ya kabati katikati ya chumba inabeba darasa. Ndani ya ruta, ipeni seva anwani isiyobadilika, kisha anwani hiyo iandikwe kwa rangi ukutani.

Kisha katakateni vitabu. Vishikwambi 40 vikivuta kitabu cha MB 40 kwa ruta inayotoa MB 5 kwa sekunde ni zaidi ya dakika tano za kusubiri. Sura moja ya MB 4 inawafikia wote kwa sekunde 32.

Lawama ya kwanza mtakayoisikia ni kwamba Wi-Fi haifanyi kazi. Mara nyingi inafanya kazi: kishikwambi kimegundua kuwa hakuna intaneti, kikahamia kwenye data ya laini ya simu kimyakimya. Toeni laini, au mzime data.

Umeme wa kila njia

| Njia | Wati | Kwa siku | Uniti |
|---|---|---|---|
| Seva na ruta | 15 | saa 6 | 0.09 |
| Runinga inchi 43 | 80 | saa 4 | 0.32 |
| Vishikwambi 20 | 200 | saa 3 za chaji | 0.6 |
| Projekta | 280 | saa 4 | 1.12 |

Kwa shule yenye umeme wa gridi tofauti hizi ni ndogo. Kwa shule ya sola ndizo zinazoamua. Msipige hesabu kwa jua la Septemba. Mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na kwa miezi hiyo hesabuni saa 3 za jua kamili kwa siku, mtoe asilimia 30 ya upotevu. Seva na ruta zinaridhika na paneli ya wati 50 na betri ya volti 12, Ah (ampea-saa) 20, isiyoshushwa chini ya nusu. Runinga inataka paneli ya wati 200, betri ya Ah 100 na invata. Projekta inataka zaidi ya mara tatu ya hapo, na hapo ndipo tunapoiaga.

Chumvi, salfa na kabati

Mikindani, Kilwa Kivinje na shule zote zinazosikia bahari: hewa ya chumvi inaotesha ukungu wa kijani kwenye plagi za HDMI na USB. Visivyotumika vikae kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, ndani yake mkiweka vipakiti vya kunyonya unyevu.

Uwanda wa Makonde, Newala na Tandahimba, kuna adui asiyetajwa kwenye kijitabu chochote cha maelekezo. Ni salfa ya unga inayopulizwa mikorosho dhidi ya ubwiriunga. Salfa inakula shaba. Shule yenye shamba la mikorosho isihifadhi mifuko ya salfa wala pampu ya kupulizia kwenye stoo ya vifaa, hata kwa usiku mmoja, na madirisha ya chumba hicho yafungwe siku jirani anapopuliza.

Ufunguo wa kabati uwe kwa watu wawili. Ukiwa kwa mkuu peke yake, siku anapokwenda kikao cha halmashauri vitabu vyote vinakuwa vimekwenda kikaoni.

Shule ipi ichukue nini

Fedha kwanza. Kwa utaratibu wa elimu bila ada ulioanza 2016, ruzuku ya uendeshaji ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka na 25,000 kwa wa sekondari, na sehemu yake hubakizwa juu kwa ajili ya vitabu. Shule ya msingi yenye watoto 400, hata ingepokea yote, ni milioni 4, na humo kuna chaki, mitihani na matengenezo. Darasa la vishikwambi halitoki kwenye fedha hiyo. Likitoka kwa mfadhili, ombeni na vipuri: chaja tano za ziada, vioo viwili, na mtu wa kuvifunga.

Shule isiyo na umeme ibaki na karatasi kwa wanafunzi, na ipakie faili kwenye vishikwambi vya walimu vinavyochajiwa kwa paneli ndogo. Seva waiache. Shule ya msingi yenye gridi inayokatikakatika, na hizo ndizo nyingi, ianze na runinga moja na mpakato moja, faili zikiwa ndani ya mpakato na kwenye flashi mbili zinazokaa vyumba tofauti. Sekondari yenye chumba cha kompyuta na mwalimu wa TEHAMA ndiyo inayostahili seva. Bila mwalimu huyo msiinunue, maana akihama itageuka kishikilia mlango. Shule ya mjini yenye intaneti ya faiba iitumie kupakua na kusasisha usiku, asubuhi darasa lisome kutoka ndani.

Kabla ya kulipa, mwambieni muuzaji alete kifaa kwa siku moja. Kiwekeni kwenye darasa lenye watoto wengi kuliko yote, saa tano asubuhi, somo likiendelea. Dakika ya kumi na tano zimeni swichi kuu bila kumwambia mwalimu, mkae nyuma muangalie kipindi kinaendeleaje.